Barua ya wazi kuhusu lebo za GMO: asiye nayo asilipishwe kuthibitisha kwamba hana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara. Kwa Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa Mazingira. Na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nina mashine ya kusaga na kukoboa Manzese, na nyuma yake chumba kimoja ambamo mimi na kina mama wanne tunafungasha unga wa lishe: mahindi, soya, ulezi na karanga. Mahindi yetu yanatoka Mbeya na Rukwa, soya inatoka Songea. Soya tunaichemsha, tunaianika, tunaikaanga, ndipo inaingia kwenye mashine. Nembo ya ubora ya TBS ninayo. Niliihangaikia kwa muda mrefu na najivunia kuiona kwenye kila pakiti.

Mwaka jana duka kubwa moja hapa mjini lililokuwa likichukua pakiti zetu liliniambia kwamba kuanzia mzigo unaofuata nilete cheti cha maabara kinachosema unga wangu hauna GMO, yaani mazao ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Si cheti kimoja kwa mwaka, bali kila mkupuo na cheti chake. Nilipouliza sababu nikaambiwa wateja wanauliza, na isitoshe unga wangu una soya, zao ambalo kwa sehemu kubwa duniani linalimwa kwa mbegu hizo. Hilo la soya ni kweli. Lakini kwenye rafu hiyohiyo, hatua tatu kutoka zilipokaa pakiti zangu, palikuwa na boksi la nafaka za kifungua kinywa kutoka nje. Nililigeuza nikasoma. Kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo ilinibidi nizisogeze kwenye mwanga, iliandikwa kwamba mahindi yake yamebadilishwa vinasaba. Mwenye boksi lile hakuombwa cheti. Niliombwa mimi.

Sikuweza, tukaondoa pakiti zetu.

Sijaja kulilalamikia duka. Duka lilifanya lilichoona kinalilinda, kwa sababu hakuna mahali lilipoelekezwa vinginevyo. Nimekuja kwenu kwa sababu ninyi ndio mnaoweza kuelekeza. Kila ninapousikia mjadala wa lebo za GMO, redioni au kwenye vikao vya wafanyabiashara, unaishia kwenye haki ya mlaji kujua anachokula. Haki hiyo naikubali kwa moyo wote. Kinachoachwa bila kujibiwa ni nani anailipia.

Niseme pia mapema kwamba siandiki kuwatisha watu. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti kubwa mwaka 2016, na hakikuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vina hatari zaidi kwa afya kuliko vya mbegu za kawaida. Hata hivyo mama anayemlisha mtoto wake uji wangu akitaka kujua mbegu ilikuwa ya aina gani, ana haki ya kujua, kama alivyo na haki ya kujua kama nyama imechinjwa kwa utaratibu wa dini yake. Hana haja ya kuumwa kwanza ndipo aruhusiwe kuuliza.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue kwamba kipimo kimoja cha maabara ni shilingi 200,000. Namba hiyo naitumia kwa ajili ya hesabu tu. Kiwanda kinachosaga tani 100 kwa mkupuo kitagawa gharama hiyo kwenye kilo 100,000, na kila kilo itabeba shilingi 2. Hakuna mteja atakayeziona. Mimi nasaga kilo 500 kwa mkupuo. Kila kilo yangu itabeba shilingi 400. Kipimo ni kilekile, maabara ni ileile, sheria ni ileile, lakini mmoja anaongeza sarafu na mwingine anafunga chumba. Kwa hiyo kanuni inayosema "kila mmoja apime" inaonekana ya haki ikisomwa kwenye karatasi, na ikifika Manzese inakuwa kanuni ya kumpa soko mwenye tani 100.

Na kipimo bado ndiyo sehemu nafuu. Gharama kubwa ya lebo haiko kwenye wino wala kwenye maabara, iko kwenye kutenganisha. Mwenye mashine yeyote anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Ukisaga ulezi, kisha akaja mama na debe lake la mahindi meupe, unga wake wa kwanza utatoka na wekundu. Ulezi umebaki kwenye nyundo, kwenye chekeche, kwenye bomba, kwenye mfuko. Unatoa kilo mbili za mwanzo unaweka pembeni, mteja anaridhika, kazi inaendelea. Lakini akija mtu anayetaka pasiwe na hata chembe ya ulezi, lazima uzime mashine, uifungue, uifute na kuipuliza, na nusu siku imekwenda. Kilo mbili za kwanza zinaondoa karibu ulezi wote. Nusu siku nzima inaliwa na ile chembe ya mwisho. Sasa weka mahindi ya GMO mahali pa ulezi. Kazi ni ileile, ila wekundu hauonekani.

Ndiyo maana nchi nyingi zilizoweka lebo ya lazima kwa dhati ilibidi zitaje kiwango cha mchanganyiko zinachokivumilia. Umoja wa Ulaya, kwa sheria zake za mwaka 2003, ulisema asilimia 0.9. Australia na Brazil walisema 1, na Kenya katika kanuni zake za 2012 ikasema 1. Japani, Afrika Kusini na Marekani ni 5. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo maghala, malori, na siku za kusafisha zinavyoongezeka, na sifuri ndiyo namba ghali kuliko zote. Yule aliyeniomba cheti cha "hauna GMO" aliniomba sifuri, bila kujua, nadhani, kwamba ameomba kitu ambacho hata Ulaya haikuwaomba viwanda vyake.

Liko jambo moja ambalo ningeomba mlisome polepole, kwa sababu sijawahi kulisikia likisemwa kwenye semina hata moja. Mwenye mahindi ya GMO mzigo wake ukichanganyika na mahindi ya kawaida, hapotezi kitu. Asiye na GMO mzigo wake ukichanganyika kidogo tu na wa GMO, amepoteza mzigo mzima. Kwa hiyo sheria ikikaa kimya kuhusu nani abebe gharama, gharama itamwendea yenyewe yule asiye na GMO, maana yeye ndiye mwenye cha kupoteza. Atalinda, atapima, atafagia. Wajapani wanaotengeneza tofu, ile jibini ya soya, waliliona hili zamani. Wanataka soya isiyo ya GMO, basi wananunua ile iliyotengwa tangu shambani huko Marekani na Canada, na wanailipia nyongeza ya bei. Mkulima wa kule analipwa kwa kutenganisha. Mimi nilitakiwa nitenganishe, nipime, nilete cheti, na bei ya pakiti ibaki palepale.

Na sisi Tanzania tunaanzia wapi? Tunaanzia mahali ambapo wengi wangetamani kuanzia. Tulijiunga na Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, tukawa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009. Mwaka 2016 mahindi ya majaribio yanayostahimili ukame yalipandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Serikali ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yaharibiwe, na mwaka 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Mkenda, akarudia msimamo huo. Kuna wataalamu wetu waliosikitika, na nawaelewa, kwa sababu kazi ya miaka mingi iliishia pale. Lakini kwa mwenye mashine maana yake ni moja: soya ya Songea na mahindi ya Mbeya hayakuruhusiwa kuwa GMO kuanzia mbegu. Geti la shamba mlilifunga ninyi wenyewe. Iweje basi anayenunua ndani ya geti ndiye atakiwe kuthibitisha?

Rafu ndiyo iko wazi. Afrika Kusini wamelima mahindi meupe ya GMO kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya mahindi yao leo ni hayo. Kenya ilipiga marufuku kuingiza GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na mambo yakaenda mahakamani. Bidhaa zinavuka Namanga, Horohoro na Sirari, nyingine zinashuka bandarini hapa. Hao wanaoingiza wana nyaraka tayari: ankara, cheti cha asili, jina la muuzaji, nchi ya zao. Wana wakala wa forodha anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwao kuongeza karatasi moja inayotaja kama soya, mahindi au kanola (zao la mbegu za mafuta) iliyomo ni ya GMO ni kazi ya barua pepe mbili. Nchi wanakotoka wengi wao tayari zinawadai taarifa hiyohiyo. Kama kuna mahali lebo inaweza kupatikana kwa bei nafuu, ni pale bandarini na mipakani, kabla mzigo haujafunguliwa.

Tukichagua mahali pengine tutaanza kukimbizana na vitu visivyokamatika. Chukua mafuta ya kula. Mafuta ya soya yakishasafishwa sana kiwandani, vinasaba havibaki kwa kiasi cha kuonekana kwenye kipimo. Ukileta chupa mbili, moja ya soya ya GMO na nyingine ya kawaida, maabara inaweza kushindwa kuzitofautisha. Ulaya waliamua yapewe lebo hivyohivyo, kwa kufuata nyaraka kutoka shambani. Marekani, katika kanuni zao zilizoanza kuwa za lazima Januari 2022, waliamua yaliyosafishwa namna hiyo yasiguswe. Pande mbili tajiri, majibu mawili. Sisi ambao mafuta yetu mengi ya kuagiza ni ya mawese, na mawese ya biashara si GMO, tungefanya vibaya sana kumwambia mkamuaji mdogo wa alizeti wa Singida apeleke sampuli maabara. Hakuna atakachopimiwa.

Niliposoma kanuni hizo za Marekani nilikuta kifungu kilichonifanya nikae chini. Wazalishaji wadogo sana, wenye mauzo yasiyofika dola milioni 2.5 kwa mwaka, hawabanwi na lebo hiyo. Dola milioni 2.5! Kwa kiwango hicho mtaa wetu wote wa mashine, kuanzia Manzese hadi Tandale, ungekuwa nje ya sheria hiyo. Nchi yenye maabara kila kona iliona mdogo asibebeshwe. Migahawa nayo waliiacha.

Hilo la migahawa linanirudisha kwenye jinsi watu wa Dar wanavyokula. Lebo inakaa kwenye gunia. Gunia likifunguliwa Tandale, mteja ananunua kwa kisado au kwa kikombe, na lebo imebaki kwa mwenye duka akaikunja akafunikia sukari. Mafuta ya kupima hayana lebo. Chipsi hazina lebo. Wali wa mama lishe hauna lebo. Kwa hiyo faida ya lebo itawafikia wale wanaoingia kwenye maduka ya rafu na kugeuza boksi wasome, nao ni wachache. Lakini gharama, ikimwagwa kwa wasagaji wote, itaingia kwenye bei ya sembe ya kila mtu, akiwemo anayenunua robo kilo jioni. Kumtoza mnunuzi wa robo kilo ili mnunuzi wa boksi apate taarifa ni kinyume cha kila tunachosema kuhusu wanyonge. Muingizaji akibeba gharama, itakaa kwenye boksi la kifungua kinywa, kwa mtu anayelinunua na kuisoma lebo.

Kuna gharama nyingine inayoniuma zaidi, nayo ni ya kitu tunachoacha kufanya. Mwaka 2016, mwaka uleule wa Makutupora, sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Sumukuvu haina lebo, haina mjadala redioni, na mteja haulizi. Mimi naiogopa. Mahindi yakipigwa na mvua njiani, yakiingia ghalani na unyevu, karanga zikihifadhiwa vibaya, ndipo inapoanzia, na huwezi kuiona unga ukishasagwa. Kila shilingi 200,000 ambayo mngenitaka niipeleke kuthibitisha kwamba soya ya Songea si GMO ni shilingi 200,000 ambayo sikuipeleka kupima sumukuvu kwenye karanga. Mfuko wangu ni mmoja. Mkiniuliza kipi kinaweza kumdhuru mtoto anayekunywa uji wangu mwezi huu, najua jibu, na wataalamu wenu wanalijua kuliko mimi. Kama kuna cheti cha kila mkupuo ambacho duka lingekuwa na haki ya kunidai, ni hicho, na hapo ningeomba tu maabara isogezwe karibu na bei ipunguzwe kwa wadogo.

Naogopa pia jambo la upande wa pili. Lebo ikishakuwa na thamani, watu wataiuza mahali isipokuwa na maana. Nimeshaona mtu wa biashara ya matikiti Mabibo akiwaambia wateja yake "si ya GMO", na mwenzake meza ya pili akapoteza wateja papo hapo. Hakuna matikiti ya GMO yanayouzwa duniani. Wala nyanya za kwenye tenga la Ilula si GMO, wala kuku wa kisasa si GMO, wala mahindi chotara si GMO, ingawa mtaani yote tunayaita hivyo. Mazao ya GMO yaliyoko sokoni ni machache, yanahesabika: soya, mahindi, pamba, kanola, viazi sukari vya nchi za baridi, papai la Hawaii na mengine machache. Mtu akiandika "Haina GMO" kwenye chumvi au maji ya kunywa hajasema uongo, lakini amemuuzia mteja hofu, na amemchafua jirani ambaye chumvi yake ni ileile. Naomba TBS iliangalie hili mapema. Maneno hayo yaruhusiwe tu kwenye bidhaa ambayo kweli ina ndugu yake wa GMO sokoni.

Kuhusu hofu, sikuwa najua kwamba lebo yenyewe inaweza kuipunguza. Jimbo la Vermont, Marekani, lilianza kudai lebo Julai 2016. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba baada ya lebo kuanza, upinzani wa watu wa Vermont dhidi ya vyakula hivyo ulipungua kwa asilimia 19 ukilinganisha na kwingineko. Watu walipoambiwa waziwazi, wakatulia. Ulaya ilikuwa tofauti. Viwanda viliogopa lebo, vikabadilisha viungo, na leo mtu anaweza kuzunguka duka zima la chakula kule asione lebo ya GMO, huku ng'ombe na kuku wao wakila soya ya GMO kutoka Amerika ya Kusini, na maziwa na mayai yao hayadaiwi lebo. Sisemi tufuate upande gani. Nasema lebo ya aina moja imezaa matokeo mawili, na aliyeamua ni mwenye duka na mwenye kiwanda kwa kuangalia gharama yake.

Kwa hiyo naomba haya. Lebo ya GMO iwe ya lazima kwa anayeingiza, iandikwe kwa Kiswahili, mbele ya boksi, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anazisoma bila miwani. Isiwe msimbo wa QR peke yake. Wamarekani walijaribu kuuruhusu, mahakama ikasema mwaka 2022 kwamba hautoshi, na kwetu wengi bado tuna simu za kitochi. Kiwango cha kuvumilia kitajwe kwa namba, kisiachwe kwenye hiari ya mkaguzi. Anayesaga nafaka ya nchini atumie risiti na hati ya usafirishaji ya mazao kama ushahidi, na kipimo kikihitajika, Serikali ichukue sampuli sokoni yenyewe kwa fedha za tozo ndogo kwenye mizigo inayoingia. Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya vinasaba. Na duka lolote likitaka zaidi ya hapo, likitaka sifuri, lilipie lenyewe, kama mtengeneza tofu wa Japani.

China ilifungua soko lake kwa soya yetu mwaka 2020. Wanunuzi wa Songea wameongezeka, bei imebadilika, na mimi nashindana nao kwa gunia moja moja. Soya mpya inaanza kushuka mjini mwezi wa sita. Dalali wangu ameshapiga simu mara mbili kuuliza nichukue gunia ngapi mwaka huu. Duka lile bado linashikilia cheti, kina mama wanne wananiangalia, na sijampa jibu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msagaji na mfungashaji wa unga wa lishe
Manzese, Dar es Salaam